Subira ya Sekunde Ishirini

Kendal, Novemba, saa sita mchana.
Mvua inagonga dirisha kama mtu aliyesahau funguo
na programu inaniambia: folda ni tupu.

Tupu!
Folda aliyoilisha mzee Postlethwaite miaka kumi na mmoja,
kadi moja moja chini ya kioo cha skana,
mvua yote ya wilaya hii tangu babu yake hajaoa:
tarehe, kituo, inchi, na saini ya aliyetoka bustanini
saa tatu asubuhi kutazama kopo limekinga nini.
Zote humo humo. Hakuamini vyumba.
"Mvua ni moja," alisema siku ya kustaafu,
akanikabidhi nywila nyuma ya karatasi ya biskuti.

Nikaanza kama tunavyoanza sote:
nikazima, nikawasha.
Nikachomoa kebo, nikaipuliza
(sijui kwa nini tunapuliza).
Nikafuta programu, nikapakia toleo jipya
lenye nembo nzuri zaidi
na uongo uleule.

Isobel akapanda ngazi, akatazama, akasema pole, akashuka.
Hajui kwamba Pangani waliniita Mwanamvua.
Sijamfafanulia. Angedhani niliombea kazi kwa jina.

Kisha nikaomba kadi moja tu:
Staveley, tarehe tano Februari, 1938.
Ikaja kabla sijainua kidole,
wino wa buluu, nusu inchi, J. Airey.
Nikaomba ya Sedbergh. Ikaja.

Basi zimo.
Ukiita moja kwa jina lake, yaitika.
Ukiuliza mko wangapi humo ndani,
nyumba nzima kimya.

Haba na haba hujaza kibaba, tulikaririshwa.
Kibaba kikishafurika,
nani akae chini ahesabu?
Hapo mwalimu alifuta ubao.

Saa tisa nikafungua kumbukumbu za seva,
mistari myembamba, ya kijivu, isiyojitetea,
na aibu ikanishika kwa niaba ya mashine:
seva haikukataa hata mara moja.
Kila nilipouliza ilishuka ghalani,
ikaanza kuzipanga kadi, mwaka kwa mwaka,
imefika 1904, imefika 1905,
na huku juu programu imeshika saa mkononi.
Sekunde ishirini.
Mtu fulani, mahali fulani, aliamua
kwamba jibu likichelewa zaidi ya hapo si jibu.
Ikakata. Ikanigeukia na uso mkavu.

Na kati yao yuko askari wa mtandao,
mwenye kulinda milango miwili,
mmoja wa maneno, mmoja wa mizigo.
Mizigo ikikawia, mlango wa maneno hunyamaza;
naye huona kimya, hudhani wenyewe wameondoka,
hufunga. Hana ubaya. Ndivyo alivyoagizwa.

Kumbe subira, ile ivutayo heri, ni tarakimu.
Ina kisanduku chake, ukurasa wa tatu wa mipangilio,
chini ya rangi na ukubwa wa herufi.
Nikafuta ishirini. Nikaandika mia tisa.
Nikampigia Isobel amwambie askari asifunge.
"Mpaka lini?"
"Mpaka ziishe."

Nikateleka birika. Nikasahau kuliwasha.
Dakika nne, skrini nyeupe.
Dakika ya sita mstari mmoja,
halafu elfu, halafu sikuweza kusoma tena,
zinateremka tu, zinateremka.

Laki moja, sitini na tatu elfu, mia nne na tisa.
Daftari la mzee linasema mia nne na kumi na mbili.

Nikafungua ile ya juu kabisa.
Kentmere, Januari mosi, 1897.
Penseli, imefifia, mkono wa mtu mwenye baridi:
sifuri. Kopo kavu.
Na saini.

Nje giza limeshaingia.
Tatu hazijulikani zilipo.
Nimeziandika kwenye karatasi ya biskuti,
chini ya nywila, nafasi tatu wazi,
kwa ajili ya kesho.